Kabla hujalipia ghala la chuma, chimba shimo

Ghala la chuma huja kwenye lori likiwa vipande: nguzo, kenchi, mabati na maboksi ya bolti. Mafundi wakiijua kazi, baada ya siku chache limesimama. Ndiyo sababu vyama vya ushirika, wenye mashine za kukoboa na hata wafugaji wa kuku wanaanza kuyachagua badala ya majengo ya tofali.

Lakini isome karatasi ya bei uliyopewa na muuzaji mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi utakuta sentensi fupi inayosema kwamba msingi na sakafu ni juu ya mteja.

Mteja ni wewe. Chuma kimepigiwa hesabu na wahandisi huko kiwandani, na kila bolti ina nafasi yake. Kitakachokibeba hicho chuma kinaamuliwa kijijini, pengine kwa nusu saa, kati ya mwenyekiti wa chama na fundi aliyejenga nyumba ya mwalimu. Fundi huyo si mtu mbaya. Atajenga anachokijua, yaani msingi wa mawe kama wa nyumba ya tofali. Kwa ghala la chuma, mara nyingi huo sio msingi unaohitajika.

Litatitia, au litang'oka?

Chukua ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, uliojengwa mita 3 kwenda juu. Kila mita moja ya ukuta huo ina uzito wa karibu kilo 900. Uzito umetandazwa kwenye mstari wote wa msingi, na kazi kubwa ya msingi ni kuupokea usititie. Nyumba ya tofali hujishikilia chini kwa uzito wake yenyewe.

Jengo la chuma halina uzito huo. Ukijumlisha mabati, vyuma vinavyoyabeba na fremu zake, ghala dogo linaweza kuwa na kilo 20 hivi tu kwa kila mita ya mraba ya paa. Na huo uzito mdogo haujatandazwa. Umekusanywa kwenye miguu ya nguzo, kila baada ya mita 5 au 6. Katikati ya nguzo na nguzo hakuna kinachobebwa isipokuwa bati la ukutani.

Hapo swali linageuka. Kwa nyumba ya tofali tunauliza kama itatitia. Kwa ghala la chuma inabidi kuuliza kwanza kama litang'oka.

Tupige hesabu ya haraka. Sio hesabu ya kujengea, ni ya kukuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Ghala lina upana wa mita 12 na fremu zake zimeachana mita 5. Kila nguzo, basi, inashika mita za mraba 30 za paa. Kwa kilo 20 kila mita, nguzo hiyo inabeba kilo 600.

Sasa uje upepo wa kilomita 108 kwa saa, wa aina inayoweza kuja na mvua kali. Msukumo wake ni karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Ukipita juu ya paa hulifyonza kwenda juu, na kama mlango mkubwa uko wazi, upepo unaoingia ndani nao hulisukuma kutoka chini. Vikikutana viwili hivyo, nguvu ya kuinua inaweza kufika kilo 55 zote. Zidisha kwa mita 30 upate kilo 1,650 zinazovuta nguzo juu. Toa zile 600 za jengo lenyewe. Zimebaki zaidi ya kilo 1,000 ambazo hazina wa kuzishika isipokuwa msingi.

Sasa litazame shimo ambalo mafundi wengi huchimba: sentimita 40 kwa 40, kina 60. Likijaa zege lina uzito wa kilo 230 tu. Kitako cha mita 1 kwa mita 1, chenye unene wa nusu mita, kina kilo 1,200, na ukikifukia na kushindilia vizuri, udongo ulio juu yake nao unasaidia kukigandamiza.

Upepo una tabia moja mbaya. Kasi ikipanda kidogo, nguvu inapanda sana. Kwenye ghala hilohilo, upepo wa kilomita 144 kwa saa utaivuta nguzo kwa kilo 2,400 baada ya kutoa uzito wa jengo, sawa na mita nzima ya ujazo ya zege. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja, mvuto umezidi mara mbili. Wasikilizaji wa pwani msidhani hayo ni mambo ya Msumbiji peke yake. Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania.

Kuna nguvu nyingine ambayo haionekani kwa macho. Fremu yenye mgongo juu na miguu miwili pembeni hutaka kupanua miguu yake, kama mtu aliyesimama miguu mbali mbali kwenye tope linaloteleza. Uzito wa paa unapobonyeza juu, miguu inasukumwa nje. Udongo ukiwa laini, vitako husogea polepole, nguzo zinainama, na siku moja mlango unakataa kufunga. Dawa yake ni kuufunga mguu wa kushoto na wa kulia kwa mkanda wa zege wenye nondo unaopita chini ya sakafu. Wapo wanaotumia nondo zilizolazwa ndani ya sakafu yenyewe. Huo mkanda ndio kitu cha kwanza kukatwa watu wanapotaka kupunguza gharama, kwa sababu ukishafukiwa hakuna anayejua kama upo au haupo.

Kiwanja cha bure kule mbugani

Baada ya upepo kuna udongo, na hapa tukae kidogo, maana ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika.

Tuchukue Usukumani, Shinyanga na Simiyu, kwenye pamba, choroko na dengu. Wakulima wa huko wanausoma mteremko kuliko mhandisi anayeshuka kwenye gari kwa mara ya kwanza. Juu kuna vilima vya mawe. Chini yake kuna udongo wa kichanga wanaouita luseni. Ukishuka unakuta itogolo, wenye tabaka gumu ambalo maji hayapenyi kirahisi. Chini kabisa kwenye tambarare kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi ikifika. Majina hayo yalitungwa kwa ajili ya kulima, lakini yanafaa kwa kujenga pia.

Shida ni kwamba kiwanja ambacho kijiji kinakitoa kwa chama mara nyingi kiko mbugani. Ni tambarare, ni kikubwa, kiko karibu na barabara, na hakuna mtu aliyejenga hapo. Swali ambalo halimfurahishi mtu kwenye mkutano ni hili: kwa nini wazee, miaka yote hiyo, hawakujenga hapo?

Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Nyufa zake za kiangazi unaweza kuingiza mkono. Ukivimba huwa na nguvu inayoweza kuzidi tani 10 kwa mita moja ya mraba. Jengo zito la ghorofa linaweza kuugandamiza kwa kiasi fulani. Ghala la chuma halina ubavu huo, linabebwa tu. Tena halibebwi sawasawa. Udongo ulio chini ya sakafu unabaki na unyevu wake mwaka mzima, ule wa pembeni unalowa na kukauka kila msimu. Nguzo za kona zinapanda na kushuka, za katikati zinatulia.

Tofali likihangaishwa hivyo hupasuka, na kila mtu anaona ufa. Chuma hakikuonyeshi mapema. Kinajipinda kidogo, bolti zinalegea, matundu ya misumari kwenye bati yanapanuka, na siku ya kwanza kujua ni pale maji yanapodondokea magunia. Sakafu nayo inapasuka na unyevu unapanda kutoka chini. Kama ghala linatumika kwa stakabadhi ghalani, mazao yanayolowa humo ni ya watu wengi, na mkopo wa jengo bado unadaiwa.

Shimo na chupa mbili

Kwa hiyo chimba kabla ya kulipa. Chimba shimo kwenye kila kona ya kiwanja na moja katikati, kina cha mita 2 ukiweza. Tazama ukutani mwa shimo: udongo mweusi unaishia wapi, changarawe au moramu inaanzia wapi, kuna maji? Andika vipimo, piga picha kwa simu ukiwa umesimamisha fimbo yenye alama ndani ya shimo. Mashimo yakionyesha vitu tofauti, hiyo nayo ni habari kubwa, maana ghala litasimama mguu mmoja kwenye mwamba na mwingine kwenye mfinyanzi. Na usimruhusu mtu kuingia kwenye shimo refu ambalo kuta zake zinamomonyoka.

Kuna jaribio dogo la nyumbani ambalo ni mtoto wa kipimo kinachofanywa maabara. Chukua udongo kutoka kwenye shimo, uanike mpaka ukauke kabisa, utwange, uupitishe kwenye chekeche laini kama la unga. Pima kikombe kimoja kidogo. Mimina kwenye chupa nyembamba inayoonyesha ndani bila kuweka maji, gonga kidogo, weka alama mahali ulipofika. Halafu chukua chupa nyingine kama hiyohiyo, ijaze maji, umimine kikombe kama kile polepole, na uiache mpaka kesho. Linganisha vimo. Mchanga utakuwa palepale. Udongo ukipanda kwa nusu ya kimo cha mwanzo au zaidi, una tabia ya kuvimba. Ukipanda karibu mara mbili, mwite mhandisi kabla hujaendelea.

Chupa haitakupa mchoro wa msingi. Itakusaidia kujua unazungumza na mhandisi kuhusu nini, na itakulinda na mtu anayekwambia "udongo huu ni mzuri tu" bila hata kuuinamia.

Msingi upi, basi?

Ukikuta moramu, changarawe au kichanga kilichoshikana, kazi ni rahisi. Weka vitako vya zege chini ya kila nguzo, upana na kina kwa hesabu ya mhandisi, ukiviunganisha kwa mkanda. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, shuka mpaka kwenye udongo ambao haujawahi kulimwa wala kufukiwa. Kwenye kichanga adui ni maji yanayotembea. Yakichimba pembeni ya kitako, kitako kinabaki kinaning'inia.

Mwamba ukiwa karibu, watu hufurahi na kuketisha nguzo juu yake. Kumbuka hesabu ya upepo. Mwamba hautatitia, lakini hautalishika ghala usipoliunganisha nao. Inabidi kutoboa mwamba na kuchomeka nondo, zishikwe na udongo wa saruji ndani ya matundu kabla ya kumwaga zege la kitako.

Udongo mweusi ukiwa na kina kidogo, tuseme mita moja na kidogo, uondoe wote mpaka ukute tabaka gumu. Usichimbe chini ya nguzo tu. Ondoa chini ya jengo zima, na zaidi ya hapo mita moja hivi kila upande. Kisha rudishia moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka linyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya jingine kumwagwa. Kushindilia kwa miguu na kwa matairi ya lori hakutoshi. Na usijaze mchanga. Hili ni kosa linalofanywa na mafundi wazuri kabisa, wakidhani mchanga ni safi kuliko moramu. Mchanga uliozungukwa na mfinyanzi ni beseni. Maji yataingia, hayatatoka, na mfinyanzi wa pembeni utakunywa kutoka humo mwaka mzima.

Udongo mweusi ukienda chini mita 3 au zaidi, kuuondoa wote ni kazi ya kuishiwa fedha. Hapo hutobolewa mashimo membamba, yanashushwa mpaka kule ambako unyevu haubadiliki kati ya masika na kiangazi, yanajazwa nondo na zege, na nguzo za jengo zinasimama juu yake. Huko Roorkee, India, watafiti wa majengo walitengeneza aina ambayo shimo linapanuliwa chini kama kibuyu, ili udongo ukivimba usiweze kulivuta juu. Mkanda wa zege unaounganisha vichwa vya hizo nguzo za chini haulali juu ya udongo. Unaachiwa nafasi chini yake, udongo upate pa kuvimbia. Kazi hii isifanywe kwa kukisia.

Kwa jengo dogo, kama kituo cha kukusanyia maziwa au banda la mashine, kuna jamvi la zege lenye nondo na kingo nene, ambalo linapanda na kushuka kama sahani moja. Linafaa, lakini linakula nondo nyingi. Jamvi jembamba la sentimita 10 lisilo na nondo halina uwezo huo hata kidogo.

Lipo na chaguo ambalo halimo kwenye orodha ya mkandarasi yeyote: kuhama. Kupanda mteremko mita mia mbili, kutoka mbugani kwenda kwenye luseni, kunaweza kupunguza gharama ya msingi kuliko mjadala wowote wa bei ya saruji. Kiwanja cha kununua juu kinaweza kuwa nafuu kuliko kiwanja cha bure chini. Mimi ningeanza na hilo kila mara.

Bolti nne zinazoweza kuharibu kila kitu

Nguzo ya chuma ina bamba chini yenye matundu, kwa kawaida manne, na bolti zinazotoka kwenye zege hupenya humo. Zege likishakauka, bolti iliyokaa sentimita moja nje ya mahali pake haiingii. Ndipo utakapoona fundi anaipiga nyundo ipinde, au anayapanua matundu kwa moto mpaka nati inazama. Ile bolti iliyopindwa ndiyo iliyotegemewa kushika kilo 1,000 za upepo.

Kinga yake ni rahisi. Tengeneza kipande cha mbao au bati lenye matundu sawasawa na ya bamba, funga bolti kwenye kipande hicho kabla ya kumwaga zege, na kiache mpaka zege lishike. Pima kamba kutoka kona hadi kona ya jengo zima. Kamba mbili za mshazari zikilingana, kona zako ni mraba. Bolti iwe imepindwa au ina bamba dogo upande wa chini, ndani ya zege. Iliyonyooka tupu inaweza kuchomoka.

Wapo wanaoiepuka kazi hii kwa kusimamisha nguzo moja kwa moja ndani ya shimo na kumwaga zege. Kwa banda la muda sawa. Kwa ghala, kutu huanzia pale chuma kinapotoka kwenye zege na kugusana na udongo wenye maji, na kinakuliwa hapo wakati juu rangi inang'aa. Ni bora zege lipandishwe sentimita 20 au 30 juu ya ardhi, bamba likae juu yake, na nafasi chini ya bamba ijazwe udongo wa saruji usiosinyaa.

Maji ya paani yana hesabu yake. Ghala la mita 12 kwa 30, likinyeshewa milimita 50 kwa siku moja, linamwaga lita 18,000. Bila gata, maji hayo yote yanaangukia mistari miwili chini ya kingo za paa, pale pale vilipo vitako. Weka gata, yapeleke kwenye tangi au mtaro wa mbali, na zungusha jengo kwa sakafu ya nje yenye mteremko. Kwenye udongo mweusi jambo hili lina uzito sawa na nondo.

Cha kudai kabla ya kusaini

Muuzaji wa fremu anazo namba za nguvu zinazofika kwenye mguu wa kila nguzo: za kushuka, za kuinua na za kusukuma pembeni. Zidai kwa maandishi, pamoja na mchoro wa bolti na kasi ya upepo aliyoitumia kwenye hesabu. Anayeshindwa kukupa hizo anauza chuma, hauzi jengo. Zipeleke namba hizo, pamoja na picha za mashimo yako, kwa mhandisi wa halmashauri au mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kibali cha ujenzi utakihitaji hata hivyo, na mkandarasi naye awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Zege likishamwagwa, limwagilie maji kwa siku 7 angalau, na usikubali nguzo zisimamishwe kesho yake kwa sababu kreni imekodiwa. Zege hupata nguvu yake iliyohesabiwa kwa siku 28. Panga tarehe ya lori kwa kuanzia hapo. Nguzo zikishasimama, piga alama ya rangi kwenye kila nati ikivuka mpaka kwenye bamba. Masika ya kwanza yakiisha, zunguka na kagua: alama iliyokatika katikati inakuonyesha nati iliyolegea, na nguzo ya kuchunguzwa kwanza.